Kiti Kirefu cha Mtu Mmoja

Pikipiki ya magurudumu manne, ile ambayo watu wa hotelini na wa makambini huiita kwadi, ina kiti kinachodanganya macho. Kinaanzia kwenye tangi la mafuta na kuishia jirani na keria ya nyuma, kirefu na laini. Mtu aliyezoea bodaboda za Mtwara au mota, yaani pikipiki, za kukodi za Palma na Mocímboa da Praia kaskazini mwa Msumbiji akikitazama huona papo hapo nafasi ya watu wawili, wakijibana, watatu. Kwenye mashine hiyohiyo, juu ya bati la gurudumu, pamebandikwa onyo la kiwanda: usibebe abiria. Onyo lenyewe ni la lugha ya kigeni, kwa herufi ndogo, na jua na chumvi ya bahari havichukui muda mrefu kulifuta. Kiti kinabaki.

Kazi yangu ni kukagua mashine na vyombo vya usafiri, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu kwadi ni hili: kama haikukusudiwa abiria, kiti kirefu vile ni cha nini? Ni swali zuri, na ukilijibu umeshaeleza hatari yote.

Urefu ule ni wa dereva. Kwadi haiendeshwi kwa mikono peke yake, huendeshwa kwa mwili mzima. Ikipanda mwinuko, dereva husogea mbele, wakati mwingine akainuka na kuinamia usukani, ili uzito ubaki kwenye magurudumu ya mbele. Ikiteremka, hurudi nyuma mpaka akaribie keria. Ikikatiza ubavuni mwa kilima huegemea upande wa juu, na kwenye kona huegemea ndani. Wavuvi wa pwani hii hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mashua ikilalia demani kwa nguvu ya upepo, mabaharia hukimbilia joshini, na mgeni akisimama pasipo pake anaweza kuwazamisha wote. Kiti cha kwadi ni sitaha ya baharia mmoja.

Kwadi ya kazi, yenye keria mbele na nyuma, kwa kawaida ina uzito wa kilo 250 hadi 350 ikiwa tupu. Dereva wa kilo 75 juu ya mashine ya kilo 300 ni sehemu moja kati ya tano ya uzito wote, na ndiyo sehemu pekee inayoweza kuhamishwa kwa haraka. Sasa mpakie mtu wa kilo 75 nyuma yake. Dereva amebanwa kati ya tangi na kifua cha mwenzake. Hawezi kurudi nyuma, hawezi kuegemea kwa uhuru. Juu ya hapo umeongezwa uzito wa pili ambao haumsikilizi yeye. Abiria mwoga, kona ikija, huvutika nje, yaani kinyume kabisa cha kinachotakiwa.

Nichukue mfano wa hesabu, si wa mashine ya kampuni fulani bali wa vipimo vya kawaida. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma iwe mita 1.25. Kitovu cha uzito wa mashine, yaani ile nukta ambayo uzito wote hutenda kana kwamba umekusanyika hapo, kiwe sentimita 60 mbele ya ekseli ya nyuma na sentimita 50 kutoka ardhini. Dereva akiwa peke yake, magurudumu ya mbele hubeba karibu asilimia 46 ya uzito wote, na mashine ikisimamishwa kwenye mwinuko itahitaji nyuzi 43 hivi ili ipinduke kinyumenyume. Mkalishe abiria juu ya keria, nyuma kidogo ya ekseli: mzigo wa mbele unashuka hadi asilimia 36, na mwinuko wa kupinduka unashuka hadi nyuzi 33. Nyuzi kumi zimepotea kabla dereva hajagusa mafuta. Akiongeza mafuta ili injini isizimike katikati ya mwinuko, kama kila mtu afanyavyo, msukumo wa magurudumu ya nyuma huinua pua ya mashine, na zile 33 hupungua tena. Dereva awe hodari kiasi gani, nyuzi hizo hazirudi, kwa sababu uhodari wake ulikuwa katika kusogea na nafasi ya kusogea imekaliwa.

Msomaji wa Palma atasema: pwani yetu ni tambarare, nyuzi 33 zitoke wapi? Hazihitaji mlima. Kwadi nzima ina urefu wa mita mbili hivi, kwa hiyo ukingo wa mto wa msimu unatosha, au mfereji uliochimbwa na mvua katikati ya njia, au pale njia inapotoka kwenye minazi na kushukia ufukweni kwa ghafla. Ukienda kutoka Palma kaskazini hadi Quionga na kuendelea mpaka Namoto kwenye mto Ruvuma, au ukielekea magharibi hadi Pundanhar na Nangade, udongo ni mchanga mwingi, na masika ya huko, Desemba hadi Aprili, huikata njia vipande vipande. Gurudumu moja la mbele likigonga ukingo wa mfereji huku nyuma kuna watu wawili, mwinuko wa papo hapo huzidi chochote ambacho mtu angekiita kilima.

Kona za mchangani nazo zina hila yake. Kwadi nyingi hazina difu nyuma. Magurudumu yote mawili yamefungwa kwenye ekseli moja na huzunguka sawasawa. Ili mashine ikate kona, gurudumu la ndani lazima liteleze kidogo. Uzito wa abiria ukilala juu ya ekseli, matairi yote mawili huuma mchanga na kukataa kuteleza, na wakati huohuo magurudumu ya mbele yamekuwa mepesi, hayashiki. Dereva anakunja usukani, mashine inaendelea kwenda moja kwa moja kuelekea kwenye mikorosho. Anakunja zaidi. Kisha magurudumu ya mbele yanakutana na kipande kigumu, mzizi au mchanga uliolowa maji ya bahari, yanashika kwa ghafla, na mashine inageuka wakati miili miwili iliyo juu bado inakwenda ilikokuwa inakwenda. Mwendo wa baiskeli unatosha kabisa kwa ajali ya aina hii. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo la kwadi ni vijana na resi. Resi inaua, lakini watu wazima wapole, waliokuwa wakienda taratibu kurudisha nyavu nyumbani, wanapinduka vilevile.

Abiria ndiye aliye pabaya zaidi. Vikanyagio ni vya dereva peke yake, kwa hiyo miguu ya abiria huning'inia kando ya gurudumu la nyuma au hutafuta pa kukanyaga karibu na ekzosi ya moto. Mikono hushika dereva, na hapo humzuia kufanya kazi yake, au hushika keria, iliyo nyuma ya mgongo. Haoni kinachokuja. Mashine ikiinuka pua, yeye ndiye wa kwanza kugusa ardhi, kwa kisogo, na kilo 300 zinamfuata. Hakuna paa wala mkanda. Watu hudhani kinachoua ni mifupa kuvunjika. Mara nyingi ni kifua kubanwa chini ya mashine, mtu anakosa pumzi huku mbavu zake zikiwa nzima, na kama hakuna wanaume wawili watatu wa kuinyanyua ndani ya dakika chache, imekwisha.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya viwandani havilitaji, kwa sababu waliovitunga hawajui mavazi ya pwani yetu. Mwanamke wa Cabo Delgado, mkoa wa Palma na Mocímboa da Praia, husafiri na capulana, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni ndani ya kitambaa hichohicho. Akipanda hukaa upande, miguu yote miwili kushoto, kama adabu inavyotaka. Ncha ya kitambaa ikishuka inakutana na ekseli inayozunguka wazi, bila kifuniko. Kwenye pikipiki ya kawaida hatari hiyo ipo, spoki na mnyororo hula nguo kila siku. Kwenye kwadi mdomo wa hatari ni mpana zaidi na uko karibu zaidi na paja. Na mtoto aliye mgongoni, mashine ikipinduka kinyumenyume, ndiye anayetangulia chini. Ningekuwa na uwezo wa kupiga marufuku jambo moja tu, ningeanza na hilo.

Haya si maarifa mapya. Honda ilianza kuuza mashine yake ya magurudumu matatu yenye matairi mapana mwaka 1970, na mwaka uliofuata James Bond akaonekana akiiendesha katika filamu ya Diamonds Are Forever. Mashine za namna hiyo zilipendwa Marekani kuliko ilivyotarajiwa. Zikanunuliwa kwa ajili ya mashamba, uwindaji na michezo ya watoto. Muongo wa 1980 ulipofika katikati, vifo vilikuwa vinahesabiwa kwa mamia, na sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa na umri chini ya miaka 16. Aprili 1988 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilifikia makubaliano ya kimahakama na kampuni tano, Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris. Mauzo ya mashine mpya za magurudumu matatu yakasimama, na za magurudumu manne zikalazimika kubeba maonyo, likiwemo lile la kukataza abiria. Sheria ya 2008 ikapiga marufuku kabisa uingizaji wa zile za matatu. Za manne zilibaki, na bado zinaua mamia ya Wamarekani kila mwaka.

Australia ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu huko wanaokufa ni wakulima na watoto wao. Kuanzia Oktoba 2020 kila kwadi ya kazi inayouzwa lazima iwe na lebo inayoonyesha ni kwa mteremko wa nyuzi ngapi huanza kusimama kwa magurudumu mawili. Kuanzia Oktoba 2021 lazima iwe na kinga ya chuma nyuma ya dereva, ili ikipinduka ibaki nafasi ya mtu kupumua. Baadhi ya viwanda vikubwa vilipinga, vikatangaza kuacha kuuza kwadi nchini humo. Serikali haikurudi nyuma. Sijui kwa nini mashine iliyokataliwa Sydney bila kinga hiyo ishushwe bandarini kwetu bila hata swali.

Hapa haki itendeke: zipo kwadi za watu wawili. Viwango vya Marekani vinazitambua kama aina ya pili, tofauti na ya mtu mmoja. Ekseli zake zimeachana zaidi, kiti cha abiria kimewekwa mbele ya ekseli ya nyuma, kina egemeo la mgongo, vishikio vya pembeni na vikanyagio vyake chenyewe. Alama hizo tano zinaonekana kwa macho bila kufungua kitabu chochote. Matangazo ya utalii ya Zanzibar huuza safari za kwadi kwa bei ya mmoja na bei ya wawili, na mteja hapewi nafasi ya kuuliza kama mashine atakayopanda ni ya aina ya kwanza au ya pili. Aulize. Asipoona egemeo na vikanyagio, alipe bei ya mmoja au apande gari.

Nirudi Cabo Delgado, maana huko suala hili lina uzito ambao mtalii wa Zanzibar hauoni. Kwadi zenyewe ni chache ukilinganisha na mota. Lakini mkono unaopakia watu watatu kwenye mota ndio huohuo utakaopakia watatu kwenye kwadi, na sababu ni ileile: usafiri hautoshi. Barabara ya Mocímboa da Praia hadi Palma, kilomita 80 hivi, kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilipiga pwani hii, na mwishoni mwa mwaka huohuo mafuriko yalikata daraja la mto Montepuez kwenye barabara kuu ya kaskazini, wilaya nzima zikabaki kisiwa. Juu ya yote ni vita vya waasi vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu waliondoka kwa miguu, kwa mitumbwi, kwa mota, kwa chochote kilichosogea. Hakuna mwenye akili timamu atakayemlaumu baba aliyepakia watoto wanne kwenye mota siku ile. Risasi ikiwa nyuma yako, hesabu ya nyuzi haina maana.

Kinachonisumbua ni siku za baada ya hapo. Desturi ya dharura imebaki kuwa desturi ya Jumatatu. Mji wa Palma umerudiwa, soko limefunguliwa, mradi wa gesi wa Afungi, jirani na mji huo, umeanza kuamka, na bado watu wanasafiri kama wanaokimbia. Ndani ya uzio wa mradi kama ule, sekta ya mafuta na gesi ina kanuni zake tisa za kuokoa maisha, na ile ya udereva haina mjadala: mkanda hufungwa kila safari. Kijana akitoka getini jioni anakuwa wa tatu kwenye mota, bila kofia ngumu, mwendo wa kuwahi giza. Usalama umekuwa kama sare, unaachwa kazini.

Abiria mmoja kwenye mota si kosa la kiufundi. Pikipiki ya kawaida imetengenezwa kwa watu wawili. Ina vikanyagio vya abiria, shokapu zimepimwa kwa uzito huo, na tairi zake zinajazwa upepo wa kutosha. Sheria za Kenya na Tanzania zinaruhusu mmoja kwa sababu hiyo, si kwa kubahatisha. Wa pili, yule anayefanya safari iwe mshikaki, hukaa kwenye keria, nyuma ya ekseli, na hapo ile hesabu ya kwadi inaanza kufanya kazi kwenye magurudumu mawili: mbele panakuwa pepesi, breki ya mbele inapoteza mshiko, usukani unayumba mchangani. Guta, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, ni salama ikiwa mzigo ni wa chini na mwendo ni wa polepole. Ukipanga watu juu ya kingo za bodi, kitovu cha uzito kinapanda juu sana, na gurudumu lile moja la mbele haliwezi kuzuia mashine isilale dereva akifunga breki huku anakata kona.

Tarehe 7 Aprili 2024, kusini zaidi katika mkoa wa Nampula, boti iliyotoka Lunga ikielekea Ilha de Moçambique ilizama ikiwa na watu 130 hivi. Karibu 100 walikufa, wengi wao watoto. Walikuwa wanakimbia uvumi kuhusu kipindupindu. Boti ile ilikuwa ya uvuvi, haikuwa chombo cha abiria, na ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Magazeti yaliandika kuhusu idadi ya watu. Mimi nilitazama neno moja katika taarifa za maofisa, uvuvi. Chombo cha uvuvi kimepangwa kwa mzigo unaolala chini, nyavu, barafu na samaki. Watu husimama, na watu wakishtuka huhamia upande mmoja. Kwadi, guta na boti ile ni jamaa moja: vyote vina nafasi tupu inayoonekana kama kiti.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mgonjwa. Mama ameshikwa uchungu kijijini, saa nane usiku, na chombo kilichopo ni kwadi ya shirika au mota ya jirani. Kutoka Palma hadi hospitali ya mkoa ya Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, ni kilomita 400 hivi kwa barabara. Hata kufika kituo cha karibu ni safari. Nani atamwambia dereva asome kibandiko? Simwambii. Namwambia aliyenunua kwadi ile, miezi sita kabla, akiwa ameketi ofisini na orodha ya vifaa mbele yake.

Maana jibu lipo na limeshajaribiwa na majirani. Kuanzia Oktoba 2001, wilayani Mangochi, Malawi, vituo vitatu vya afya vya vijijini viliwekewa pikipiki zilizofungwa machela yenye gurudumu lake, mgonjwa akilala chini na dereva akibaki huru juu ya kiti chake. Utafiti uliofuatilia mwaka ule ulionyesha kuwa ucheleweshaji wa kumfikisha mama mjamzito hospitalini ulipungua kwa saa mbili hadi nne na nusu. Bei ya kununua pikipiki moja kama hiyo ilikuwa ndogo mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa. Wayao wa Mangochi wana ndugu zao Niassa, mkoa unaopakana na Cabo Delgado. Sayansi ya jambo hili haikutoka mbali. Tela la wagonjwa, likitumika badala ya machela hiyo, nalo lina masharti: liwe limetengenezwa kwa kazi hiyo, uzito wake usizidi unaotajwa na kiwanda cha mashine inayolivuta, na dereva ajue kwamba kwenye mteremko tela husukuma. Tela la kubebea saruji lililotandikwa godoro si gari la wagonjwa.

Kuhusu sheria sitakaa sana, kwa sababu upungufu wa pwani hii haujawahi kuwa maandishi. Msumbiji ina sheria ya barabarani ya 2011. Mwaka 2006 iliweka pia kanuni ya kulinda mazingira ya bahari na pwani, iliyokataza vyombo vya moto kutembezwa ovyo kwenye fukwe na vilima vya mchanga. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya kasa wanaotaga na mimea inayoshikilia mchanga. Hata hivyo ingetekelezwa kama ilivyoandikwa, nusu ya safari za kwadi ninazozisema hapa zisingekuwepo. Ni nadra sana kasa na abiria kulindwa na kifungu kimoja, na inasikitisha kwamba wote wawili hakiwafikii.

Kofia ngumu pia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa waendeshaji wa pikipiki kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mara nyingi dereva wa mota ana capacete, yaani kofia hiyo, moja tu, na imo kichwani mwake, au mkononi ikisubiri kizuizi cha polisi. Abiria, ambaye ndiye huanguka kwa kisogo, hana. Anayekodisha chombo bila kofia ya pili anauza nusu ya huduma kwa bei kamili.

Basi niseme na wanaonunua, kwa sababu dereva hupewa mashine ambayo hakuichagua. Mashirika mengi yameingia Cabo Delgado tangu 2017, hoteli za visiwani zinafikiria kurudi, na halmashauri zinapata vifaa vya msaada. Mahitaji huandikwa kwa maneno ya jumla: usafiri wa eneo la mchanga. Muuzaji huleta kwadi, maana ni nafuu na hupita popote. Halafu wafanyakazi wanne wa chanjo wanapewa kwadi mbili za mtu mmoja mmoja, na kila mtu anajifanya haoni watakavyopanga. Kama kazi ni kubeba watu mchangani, zipo mashine ndogo za wazi zenye viti vya pembeni kwa pembeni, mikanda na fremu ya chuma juu ya kichwa; zipo Land Cruiser zilizotumika ambazo mafundi wa Pemba na Mtwara wanazijua nati kwa nati. Ni ghali zaidi siku ya kununua.

Wakuu wa vituo vya afya, wasimamizi wa miradi, wenye hoteli: kabla ya kusaini hati ya manunuzi, fungueni kitabu cha mashine kwenye ukurasa wa vipimo na msome idadi ya watu iliyoandikwa. Ikiwa ni mmoja, na kazi yenu ni kubeba wawili, irudisheni kwa muuzaji.